Fahali wa Serikali

Mwinjuma Mkude alijulikana Uluguru ya juu kwa mikono yake. Ilikuwa mikono mipana, imechanwachanwa na mbugu, zile kamba zitambaazo mitini msituni, maana yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wafunga daraja. Zama hizo, enzi ya Mdachi, mto Mgeta kwenye yale makorongo haukuwa na daraja la mawe wala la chuma. Palikuwa na daraja la mbugu, limening'inia kati ya mti wa ng'ambo hii na mti wa ng'ambo ile, na kila mwaka kabla ya masika mbugu zilizooza ziliondolewa zikafungwa mpya. Mwaka watu wakizembea, mto hauzembei.

Kazi hiyo haikuwa na malipo. Mwinjuma akipuliza baragumu, watu hushuka kutoka pande zote mbili, kila mtu na panga lake, wenye kofia za kiua na wenye misalaba shingoni. Kilichowakusanya ni chungu. Mwenye haja ya kazi hupika, na aliyekula amekubali. Lakini palikuwa na jambo moja, nalo ndilo la kushika. Kabla ya mkono wa kwanza kuingia chakulani, mkuu wa kazi husimama akauliza, "Chungu hiki ni cha kazi gani?" Mwenye chungu hutaja: cha daraja, cha kuezeka nyumba, cha kulima konde la mjane. Akishataja ametaja, hawezi kuongeza hata kazi ya kuokota kuni. Na asipoulizwa, basi waliokula ni watu wake mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Ndiyo maana hakuna aliyepata kusahau. Hata watoto wakipika udongo kwenye vigae, huulizana.

Mwaka huo Mwinjuma alikuwa na haja yake mwenyewe na daraja. Binti yake Asia alikuwa ameolewa ng'ambo, kwa mtoto wa mzee Stambuli, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwezi wa kujifungua ukikaribia, binti hurudi kwao, na bibi mzaa mama ndiye humnong'oneza mtoto jina sikioni. Mwaisha, mke wa Mwinjuma, jina alikuwa nalo tayari, kamficha hata mumewe. Wakakubaliana na Stambuli kwamba daraja likishafungwa upya tu, Asia atavuka. Mwenye mimba hapitishwi juu ya mbugu za mwaka jana.

Kiangazi kilipokuwa katikati, Bwana Shauri, mkubwa wa Boma la Morogoro, alipita huko akikagua nchi. Nyumbu wake wa kupanda alikataa kukanyaga daraja, akabaki analia ukingoni, lakini bwana mwenyewe alivuka, na alipofika upande wa pili akageuka akalitazama kwa muda mrefu. Akauliza, kwa kinywa cha akida, waliolifunga wanalipwa nini. Akaambiwa hawalipwi. Akacheka, cheko la mtu aliyefurahi kweli, akasema serikali inawapenda watu kama hawa, nayo itakisaidia chama chao. Watapewa fahali, gunia la chumvi, sepetu za chuma, na waya mnene wa kuimarisha daraja lao. Furaha ilimnyima Mwinjuma usingizi. Tangu azaliwe, serikali kwake ilikuwa mkono wa kupokea kodi, hakuwahi kuuona ukigeuka kutoa.

Fahali akaja, na chumvi, na sepetu. Waya haukuja, akida alisema uko njiani. Huyu akida aliitwa Abasi, mtu wa pwani, kanzu yake safi hata kwenye matope, na alikuwa amekaa milimani miaka ya kutosha kujua nani ni binamu wa nani. Mwinjuma alimchinja fahali kwa mkono wake, akapikwa pale ukingoni katika vyungu vya wanawake wa pande zote mbili. Nyama ilipoiva, watu wakanawa, wakamtazama Mwinjuma.

Stambuli akamsogelea. "Mkwe wangu," akamwambia kwa sauti ya chini, "uliza."

"Nimuulize nani?"

"Si huyo hapo kasimama."

Mwinjuma akamtazama akida, akaona haya. "Mtu kakupa fahali mzima, naye ni serikali, halafu umshike kanzu umwulize anataka nini? Hii ni zawadi, Stambuli. Tusiwe washamba."

Watu wakacheka. Mmoja akasema Stambuli anaogopa nyama kwa kuwa meno yamemwisha. Akida Abasi naye alitabasamu, ila yeye hakula. Alisimama mikono nyuma mpaka alipoona mkono wa kwanza umeingia chunguni, akapanda punda wake akaenda zake.

Mwezi haukumalizika, akarudi na askari wawili. Aliwakusanya wanaume akawaambia kuna barabara ya kuchongwa, ya kupandia shamba la kahawa la Mdachi mmoja huko juu. Wakaanza kunung'unika. Akida hakupandisha sauti.

"Mmekula chungu cha serikali," akasema. "Nani kati yenu aliuliza ni cha kazi gani?"

Wote wakamgeukia Mwinjuma, naye akatazama chini. Hakuna aliyepigwa siku hiyo, wala hakuna aliyefungwa kamba. Ndilo lililowauma zaidi baadaye, kwamba walikwenda kwa miguu yao, kwa adabu ya wazee wao, na zile sepetu mpya mabegani.

Barabara ikawala. Mvua za vuli ziliwakuta huko, wakachimba kifusi kile kile mara mbili. Siku moja Bwana Shauri akapita, akawatambua, akasimamisha nyumbu wake akasema maneno mengi kwa uso mkunjufu. Akida akatafsiri: "Bwana anasema amefurahi. Kule Ulaya atasimulia kwamba watu wa daraja wamekuja kusaidia barabara kwa hiari yao." Mwinjuma alifungua kinywa aseme habari ya daraja, habari ya mwanawe. Akida akamwahi kwa upole, "Na huyu mzee anakushukuru, bwana." Nyumbu akaondoka.

Mwinjuma alipomfuata akida jioni kuomba ruhusa ya kwenda kufunga daraja, alijibiwa kwa maneno machache tu. Mwenye chungu hajasema basi.

Waliachiwa wakati mawingu ya masika yameshaziba kilele. Njiani wakapita nyumbani kwa akida, wakaona zizi lake la mbuzi limezungushiwa waya mnene, unang'aa. Walipofika mtoni, nusu ya daraja ilikuwa imekatika, inaburutwa na maji.

Mwinjuma hakwenda hata nyumbani. Akapuliza baragumu. Mwaisha akapika kande na kuku wake wote. Watu wakaja, hilo lazima lisemwe, walikuja, lakini wakasimama juu kwenye mteremko. Mwinjuma akawaita kwa majina. Mwishowe akapaza sauti yeye mwenyewe, "Chungu hiki ni cha daraja. Cha daraja tu, jamani."

Paulo, kijana wa misheni aliyekuwa kila mwaka wa kwanza kuingia msituni, akashuka hatua chache. "Mzee," akasema, "hatukuulizi kwa kuwa hatuli. Safari hii hata chungu cha mama yangu sitii mkono."

Wakaondoka mmoja mmoja. Mwinjuma na Mwaisha wakakata mbugu wenyewe, lakini daraja halifungwi na mikono minne, wala halifungwi upande mmoja. Ng'ambo walimwona Asia amesimama na Stambuli, kashika tumbo. Walipungiana mikono, sauti ililiwa na maji. Keshoye mvua ikashuka kweli, na ukungu ukaziba ng'ambo yote.

Maji yalipopungua, Mwinjuma alivuka kwa kamba kiunoni, Mwaisha nyuma yake. Asia alikuwa mzima. Mtoto alikuwa wa kiume. Alipumua siku chache, akazikwa nyuma ya nyumba ya Stambuli bila jina, maana jina lilikuwa upande wa pili wa mto.

"Mama," Asia akauliza, "angeitwa nani?"

Mwaisha hakumjibu, wala jina hilo hakumpa mjukuu yeyote aliyekuja baadaye.

Mwinjuma aliishi miaka mingi. Daraja lilifungwa tena mara moja moja, na watu wengine, kila mtu na chakula chake kwenye jani. Yeye uzeeni akawa na tabia ambayo vijana waliichekea. Ukimpa chakula, arusini au matangani, hata uji wa asubuhi nyumbani kwake, hushika kata asile, akauliza ni cha kazi gani. Walisema akili imemtoka. Mwaisha hakucheka. Kila asubuhi alimjibu, "Ni cha kula tu, baba Asia," na hapo ndipo alipokunywa.