Mgeni Akiwa Bado na Kikombe

Kila alipoamka, kabla hata ya kuvaa soksi, Rauha Kinnunen alipitisha mkono nyuma ya kiti cha dereva na kubonyeza swichi ya inveta. Akishasikia feni yake imeanza kuvuma ndipo aliposema habari za asubuhi, na aliyekuwa akiamkiwa ni hiyo inveta, maana ndani ya lori hapakuwa na mtu mwingine. Ilikuwa kisanduku cha bati kilichofungwa chini ya kitanda. Kazi yake ilikuwa kuchukua umeme wa betri za lori na kuugeuza uwe umeme wa nyumbani. Halafu Rauha alichota kahawa, vijiko vya watu wawili, hata kama yuko peke yake.

Kabini ile ndiyo ilikuwa nyumba yake. Mumewe alipofariki aliuza nyumba yao ya mjini Kokkola, na vitu vikahamia kwenye lori kimoja baada ya kingine. Ilianza mashine ya kahawa, yenye jagi la kioo na bamba la moto chini yake. Ikafuata oveni ndogo ya kuokea skonzi za mdalasini, kisha sufuria ya umeme ambayo kila Alhamisi ilichemsha njegere kavu tangu asubuhi. Mwisho kabisa akaleta cherehani. Havikuweza kuwashwa vyote pamoja. Cherehani na oveni zikikutana, fyuzi inakwenda. Lakini Rauha alijua zamu ya kila kimoja, kama mtu anayejua ni mtoto gani asikalishwe karibu na yupi.

Madereva wenzake wa barabara ya kaskazini walimfahamu. Walikuja na suruali zilizochanika na vikombe vyao mkononi, wakagonga mlango.

"Mama Umeme, mtambo unafanya kazi leo?"

"Unafanya. Kung'uta theluji kwanza, wewe. Hapa si zizini."

Nyumbani kwao Rauha, mama yake hakuwahi kuondoa jagi motoni mgeni akiwa bado na kikombe. Hakumfundisha mtu kwa maneno, lakini kila mtoto alijua. Kuondoa jagi ni kumwambia mgeni kahawa imekwisha, na ukimwambia kahawa imekwisha umeshamwonyesha viatu vyake vilipo. Rauha aliichukua desturi hiyo akapanda nayo kwenye lori, akaongeza na yake moja: mgeni akiwa anakunywa, injini haiwashwi. Mwenye gari akiwasha injini, maana yake anaondoka, na wewe shuka.

Tajiri wake, Ilpo Rantakangas, alikuwa ameshamwonya mara mbili. Mara mbili lori liligoma kuwaka uani asubuhi kwa sababu mapishi yalimaliza betri. Ilpo alirithi kampuni kwa baba yake. Alipokuwa mtoto Rauha alimpakia safarini na kumpa pipi za chumvi, kwa hiyo hata akiwa amekasirika alimwita shangazi.

"Shangazi Rauha, ya tatu sitaongea tena. Inveta inatoka, na gari tunaweka dereva wa pili mpokezane. Utalala wapi, mimi sijui."

"Nimekusikia."

"Umenisikia, au umenisikia tu?"

"Nikishachemsha nazima, kahawa namimina kwenye chupa ya chai. Umeridhika?"

Na alipokuwa peke yake alifanya hivyo hivyo.

Januari akapakia maua ya tulipu kutoka mabanda ya vioo, ayapeleke mji wa Ivalo, kaskazini kabisa. Maua hayo hayavumilii baridi, kwa hiyo sanduku la mzigo lina hita yake. Hita inachoma dizeli, lakini feni yake na pampu yake zinakula kwenye betri zile zile za lori. Karibu na Sodankylä saa zake za kuendesha zinazoruhusiwa kisheria zikaisha. Akaegesha kwenye kituo cha mapumziko, akazima injini, akalala. Nje ilikuwa baridi ile ambayo ukivuta pumzi vinyweleo vya pua vinasimama.

Aliamka mchana, mbingu ikiwa imepata ule mwanga wake mdogo wa bluu wa majira ambayo mchana ni mfupi. Alikuwa amechemsha tayari na mkono uko kwenye swichi ya kuzima bamba, mlango ukagongwa. Alikuwa Taisto Hiltula. Taisto aliendesha malori ya magogo miaka mingi, mpaka macho yalipofifia wakamnyang'anya leseni. Nyumba yake, alimoishi peke yake tangu mkewe Helvi afariki, ilikuwa ng'ambo ya barabara, na alikuja kwa kigari chake cha kuteleza, kile cha kusukuma kwa mguu mmoja kama mtoto anayekwenda shule.

"Upo?" akauliza.

"Hapana, nimekwenda kuogelea. Panda, unaingiza baridi."

Taisto akavua viatu, akakaa kiti cha abiria, akaweka kikombe juu ya dashibodi. Rauha akamimina. Bamba akaliacha linawaka.

Taisto hakuwa mtu wa maneno. Alichovya skonzi, akala, akatazama theluji.

"Mzigo gani?"

"Maua."

"Ahaa."

Kikombe kikaisha. "Nikuongeze?"

"Nusu tu."

Nusu ikaisha, akaongezwa nusu nyingine. Rauha akaona leo mzee amenyoa ndevu, tena amejikata kidogo chini ya sikio. Amevaa na ile sweta ya kanisani. Akajua kuna jambo. Akajua pia kwamba jambo la Taisto halivutwi. Ukilivuta linarudi ndani.

Inveta ikalia: pii. Hiyo ndiyo sauti yake betri zikianza kuchoka.

Taisto ndiyo kwanza alikuwa amekohoa, ameweka kikombe gotini. "Mimi nilikuwa nafikiri," akasema.

Rauha akatazama bamba. Akilizima, taa nyekundu inazimika mbele ya macho ya mgeni. Akiwasha injini, mzee atainuka na kushika kofia yake, na kilichomtoa nyumbani kwake atarudi nacho. Inveta ikalia tena. Rauha akapitisha mkono nyuma ya kiti, akabonyeza kwa kidole gumba kile kitufe cha kuinyamazisha.

"Ulikuwa unafikiri," akasema.

"Ndiyo." Taisto akageuza kikombe. "Kile chumba cha upande wa msitu. Tangu Helvi afe kiko tupu."

"Ehe."

"Kina soketi tatu."

"Tatu?"

"Nne, ukihesabu ya nyuma ya kabati. Ungeweza kuwasha kila kitu kwa pamoja. Hata oveni na cherehani."

Rauha akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Masikio ya mzee yalikuwa yamewiva.

"Na wewe utakuwa unaongea hivi kila siku?"

"Leo nimezidisha."

Rauha akampimia nusu nyingine ili apate la kufanya na mikono. Mwisho akapigapiga usukani kwa kiganja, taratibu.

"Taisto, mimi nyumba ninayo. Hii hapa."

Taisto akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa ametega sikio upande, kama zamani alipokuwa akisikiliza magogo yanavyolia kwenye kona.

"Feni ya mzigo," akasema. "Mbona siisikii?"

Hata Rauha hakuisikia. Bamba lilikuwa limezimika, inveta kimya. Akazungusha ufunguo. Stata ikatoa mlio mmoja mzito, ikaishia hapo.

Taisto alishuka upesi kuliko alivyopanda. Akarudi na trekta lake la zamani na nyaya za kubusti, wakahangaika mpaka vidole vikafa ganzi, na lori halikuwaka mpaka ule mwanga mdogo wa mchana ulipokuwa umekwisha. Rauha akafungua sanduku la mzigo. Akagusa ua moja, likalia kama kioo.

Mnunuzi wa Ivalo alifungua boksi la kwanza, na la pili hakulifungua. Yale ya juu yalikuwa yameanza kuyeyuka, yamelala kama mchicha uliochemshwa.

"Haya hata kulungu hawali, mama," akasema.

Ilpo hakupiga kelele. Rauha aliporudi Kokkola alimkuta ofisini amesimama dirishani, akilitazama lori lililoegeshwa uani.

"Nani alikuwa kwenye gari?"

"Taisto Hiltula."

"Ilikuwa dharura?"

"Alikuwa anakunywa kahawa."

Ilpo akajishika kipaji cha uso. "Inveta ililia au haikulia?"

"Ililia. Niliinyamazisha mimi."

"Shangazi, mbona unanifanyia hivi? Ungesema betri zilikuwa mbovu, tungemaliza."

"Hazikuwa mbovu."

Ilpo akazunguka meza, akakaa, akasimama tena. Usiku uliopita alikuwa amezungumza na mkewe, na mkewe alikuwa amemwambia kwamba yule mama, akimtoa kwenye lile lori, atakuwa amemtoa nyumbani kwake.

"Sikiliza. Nilichokisema kuhusu inveta nakifuta. Baki nayo. Baki na oveni, baki na cherehani, gari ni lako peke yako, lala humo mpaka uzeeke. Jambo moja tu: mtu asipande. Mlango ukigongwa, hufungui. Pika, kula, shona, lakini peke yako."

"Hata Pasi wa lori la maziwa?"

"Hata Pasi."

"Na Taisto?"

"Taisto hasa."

Rauha akawaza jinsi itakavyokuwa. Ameegesha Sodankylä, taa inawaka, harufu ya mdalasini inatoka kwenye upenyo wa dirisha, na nje mtu amesimama na kikombe chake anagonga. Yeye amekaa humo, amenyamaza, anangoja aende zake. Alijaribu kulitazama jambo hilo upande huu na upande ule, kwa haki kabisa, kwa sababu kitanda chake kilikuwa humo na hakuwa na kingine.

"Umesema vizuri, Ilpo," akasema. "Baba yako asingenipa hata nafasi hiyo."

"Kwa hiyo tumekubaliana?"

"Hapana."

Akaweka ufunguo wa lori mezani, juu ya gazeti. Ilpo akadhani amekasirika tu, akamwambia aende akapate hewa, wataongea mchana. Rauha akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akapita uani kando ya lori bila kufungua mlango wake. Fundi aliyekuwa chini ya boneti ya gari jingine akamwuliza anakwenda wapi na baridi hii. Akamjibu kwa mkono tu, akatoka getini, akashika barabara kuu.

Mchana Ilpo akachemsha kahawa, akamngoja. Jioni, Rauha akiwa hajarudi, akampigia dereva mwingine simu aje achukue lori.