Kompyuta Isiyokwenda kwa Fundi

Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na kwa hilo sina unyenyekevu hata kidogo. Kasha lilitoka kwenye hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani. Vya ndani nilivinunua Mombasa, nikavivusha feri nimevifunga leso na kuvikumbatia kama mtu aliyetoka kujifungua. Siku ya kuviunganisha, mume wangu alivuta kiti akakaa karibu kunitazama na bisibisi yangu, akisubiri moshi. Moshi haukutoka. Mashine iliwaka, nikaiweka chini ya meza chumbani kwetu hapa Msambweni, na tangu hapo ndiyo inayonipa riziki.

Kazi yangu ni kupiga filamu za harusi, tena upande wa wanawake peke yake. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa sana. Siku ya kupamba, mlango hufungwa, simu hukusanywa kwenye beseni, mabuibui huvuliwa, na wanawake hukaa na nywele zao, mabega yao na vicheko ambavyo hata waume zao hawajawahi kuvisikia. Mimi ndiye ninayeachiwa kamera. Mama wa biharusi hunishika mkono mlangoni akaniambia neno moja, amana, na likishatamkwa limekwisha. Filamu ile haionwi na mwanamume yeyote, awe mume wangu, awe fundi wa mashine.

Mama wa biharusi wa safari hii hakunishika mkono. Alikuwa ameanguka akavunjika paja, yuko hospitali, na harusi haikuweza kumsubiri kwa sababu bwana harusi alikuwa na likizo fupi ya kazi yake ya Uarabuni. Amana yangu alinipa kwa simu. Binti akapambwa bila ya mama, akaolewa, akapanda ndege na mumewe. Mama akarudishwa kwake Tiwi kulala kitandani, akingoja Jumatatu arudi hospitali kupasuliwa mara ya pili.

"Mwanangu, kisu hakina ahadi," aliniambia kwenye simu. "Nataka nimuone kwanza mtoto wangu alivyopambwa, ndipo niende."

Nikamjibu kwamba Jumapili, inshallah, nitakuwa kwake.

Ijumaa asubuhi nikabonyeza kitufe. Feni zikaunguruma, nembo ikatokea kwenye kioo, vidoti vikaanza kuzunguka, kisha giza. Nikabonyeza tena. Nembo, vidoti, giza. Mara ya tatu hata vidoti sikuviona. Ndani yake mlikuwa na filamu nzima, nusu imekatwa na kuungwa, nusu bado mbichi, na kadi ya kamera nilikuwa nimekwisha kuisafisha kwa harusi nyingine.

"Mpigie yule kijana wa Ukunda," mume wangu akasema. Nikampigia, maana kuuliza si kupeleka.

"Niaje, madam," kijana akasema. Ni mtu wa bara, mchangamfu, na kazi yake anaijua. "Hiyo ni Windows imeharibika tu. Ilete, nitapiga fomati fasta, jioni unachukua ikiwa fiti."

Nikamshukuru nikakata simu. Kupiga fomati ni kufuta kila kitu. Na hata kama asingefuta, fundi akishatengeneza mashine huijaribu, na kuijaribu ni kufungua kilicho mbele yake. Si kwamba kijana ni mbaya. Angekuwa walii bado ni mwanamume. Ningeweza pia kuchomoa diski niipachike kwenye kompyuta nyingine, lakini kompyuta zote nilizozijua zenye nguvu ya kazi ile ni za maduka ya wanaume.

"Basi utafanyaje?" mume wangu akauliza.

"Nani aliiunda?" nikamuuliza. Akaenda zake kuswali Ijumaa, na mimi nikajifunga kibwebwe.

Nilianza na stima, kwa sababu kwetu mshukiwa wa kwanza daima ni stima. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikaihamisha mashine mpaka kwenye soketi ya friji. Ikazima vile vile. Nikafungua ubavu wa kasha. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula mpaka bawaba za milango, kwa hiyo nikachomoa vijiti vya ramu, ile kumbukumbu ya muda, nikavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa. Nikajaribu kijiti kimoja, nikajaribu cha pili, nikabadilisha matundu. Giza. Nikaing'oa kadi ya picha, ile inayolisha kioo. Giza. Kila nilipong'oa kitu nilikilaza kwenye leso kwa mpangilio, na kila giza liliponijia niliitukana mashine matusi ambayo mtu hatarajii kuyasikia siku ya Ijumaa.

Kisha nikachomoa diski yenyewe, ile yenye filamu, nikabonyeza. Kompyuta bila diski inatakiwa ikae imewaka na kulalamika kwamba haina pa kwenda. Yangu ililalamika kidogo tu, halafu ikazima. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Ikiwa inakufa hata diski ikiwa nje, basi ugonjwa hauko kwenye diski, na biharusi wangu mzima. Nikaifunga diski kwenye kitambaa, nikaitia kabatini, nikaendelea na vita.

Jumamosi ndipo nilipogundua. Mashine ilikuwa imelala usiku kucha, na asubuhi, bila ya mimi kuigusa kitu, ilikaa imewaka muda mrefu kuliko jana. Nikaiwasha tena papo hapo, ikazima haraka. Nikaiacha nikaenda kupika chai ya maziwa, nikairudia, ikajitahidi tena. Mtu anayepumzika akapata nguvu, akikimbizwa akaanguka, huyo hana wazimu, huyo ana joto. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa ikipata moto mpaka inajizima isiungue.

Lakini feni ya prosesa nilikwisha kuiona jana inazunguka, nikaridhika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi jana nilichungulia tu. Safari hii nikalala chali chini ya meza nikaingiza tochi na kichwa. Feni ilizunguka, ndiyo, lakini kwa uvivu, na chini yake vile vipande vya chuma vya kupoza joto havikuonekana. Vilikuwa vimezibwa na uchafu wa hudhurungi, wenye kunata kama halua. Nikausogelea kwa pua. Udi. Mashine nzima ilinukia udi na ubani kama chumba cha maharusi.

Nikatoka chini ya meza nikamuita mama mkwe.

"Mama, chetezo chako unakiweka wapi ukifukiza huku chumbani?"

"Chini ya meza, mwanangu, pale kwenye mashine," akasema, amesimama mlangoni na leso yake, mtulivu kabisa. "Kila Alhamisi, na Ijumaa asubuhi. Imejaa picha za maharusi tele, wazuri wazuri. Nikaogopa kijicho."

Hasira zilinipanda, sitaficha. Nilizimeza, kwa sababu mimi na yeye tunaishi nyumba moja na maisha ni marefu. Mashine huvuta hewa kwa chini, na mama wa watu aliivutisha moshi wa mafuta na gundi, wiki baada ya wiki, kwa mapenzi matupu.

"Mashine ina pumu, mama," nikamwambia.

"Masikini. Na hukunambia," akasema, akakihamisha chetezo barazani mwenyewe.

Nikaishusha feni, nikaifuta bawa kwa bawa kwa kitambaa chenye spiriti. Mhimili wake nikautilia tone la mafuta ya cherehani. Vipande vya chuma nilivichokoa kwa mswaki mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikarudisha kila kitu kutoka kwenye leso hadi mahali pake, diski ikawa ya mwisho. Nikapiga bismillahi, nikabonyeza. Nembo, vidoti, na baada ya vidoti filamu yangu, kama nilivyoiacha. Sikushangilia. Nilikuwa na kazi, na muda wa kuikata na kuiunga filamu kama nipendavyo ulikuwa umeliwa na mashine. Vipande vingine nikaviacha vilivyo.

Jumapili nikafika Tiwi. Nilimkuta kitandani, mguu umewekwa juu ya mito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nayo?"

Wanaume wa nyumba wakaambiwa watoke nje, mlango ukafungwa, nikachomeka flashi kwenye televisheni. Akaitazama. Hakusema kitu kuhusu hina wala dhahabu. Tulipofika pahali ambapo somo, yaani kungwi wake, anampachika biharusi asumini kichwani, biharusi aligeuza shingo ghafla, ua likaanguka, wanawake wakaguna. Ni kipande kibaya. Kama ningepata muda, ningekikata.

"Hapo alitazama nini?" mama akauliza.

Ningeweza kumwambia kuna mtoto mchanga aliyelia nyuma yake. "Mlango," nikasema. "Kila ulipofunguliwa aligeuka. Hakuacha mpaka tulipomfunika ushungi."

Nikakishika kidude cha televisheni nikiruke kipande kile.

"Nirejeshee hapo," akasema.

Nikamrejeshea. Biharusi akageuza shingo kuutazama mlango, asumini ikaanguka, na mama yake pale kitandani akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipo, mwanangu."