Mo de pase yangu

Nimechoka kusikia kisa hiki kwa midomo ya wengine, basi nakieleza mwenyewe. Wa kulaumiwa ni Papa Safari, jirani yangu. Sisi wenye kupangisha nyumba tulipoambiwa tutangaze mapato yetu kwa kompyuta ya serikali, alinishauri: "Muzee, watakuomba mo de pase, neno la siri. Weka kitu hauwezi kusahau." Tangu vita nasahau mengi, ila mali yangu hapana.

Kule ofisini benchi zilijaa wenye nyumba wenzangu. Nikamwambia maman wa kompyuta niko na nyumba moja tu, ile ya Kadutu. Za Kavumu nilizinyamazia, maana ndizo zinasomesha yatima wa dada yangu.

"Sawa, papa. Andika mo de pase."

Niliona haya kusema sikusoma. "Maman, macho imechoka. Andika wewe."

"Basi ninong'oneze."

Nikainama. Lakini mabomu yaliniharibia masikio, na mnong'ono wangu unafika hadi barabarani.

"Nyumbatatu."

Benchi zote zikanigeukia. Yule maman akaondoa vidole kwenye kompyuta, akaniangalia kwa huruma.

"Papa, zile zingine mbili ziko wapi?"