Gari Lenye Nembo Yetu

Walisema sitamaliza mwaka. Niliporudi Karatu kutoka Dar na diploma yangu ya uhusiano wa umma, nikaajiriwa na kampuni ya utalii kulinda jina lake, mjomba wangu alicheka mpaka akaweka chini debe lake la vitunguu.

"Yaani umesomea kusema?" aliniuliza mbele ya wateja wake sokoni. "Sisi wengine tulizaliwa tunajua."

"Ni taaluma, mjomba."

"Taaluma ni udaktari. Wewe ni mpiga debe mwenye tai."

Mwaka niliumaliza, na mingine ikafuata. Ada ya chuo nilijilipia mwenyewe kwa kubeba zege, sikusomeshwa na mtu. Nembo ya kampuni, nyati mweupe juu ya ukingo wa kreta, lile bonde la wanyama wageni wanalolifuata, niliichora mimi. Niliiweka kwenye milango ya magari, kwenye mahema, kwenye viti, hata kwenye mipira niliyogawa shuleni Endabash. Nilimwambia bosi kwamba jina huwekwa akiba wakati wa amani, kama mahindi ghalani. Watoto wa vijijini waliijua nembo ile kuliko bendera.

Kisha jioni moja ya ukungu dereva wetu mmoja aliwashusha wageni kambini, juu ukingoni, akawa anarudi peke yake kuelekea geti la hifadhi. Gari likaacha barabara. Alikufa palepale.

Kabla sijakata simu iliyonipa habari, picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva: gari limelala ubavu, nyati wangu juu, safi, anaonekana vizuri. Chuoni tulifundishwa kwamba taarifa ya kwanza lazima iwe yako. Nyumbani kwao dereva ni kijiji cha Kansay, na mama yake alikuwa hajui. Nikachukua gari la kampuni, nikaenda mbio ili picha isinitangulie. Nilikuwa nakimbia kwa ajili ya mama au kwa ajili ya kampuni? Swali hilo hunijia barabarani mpaka leo, hasa kukiwa na ukungu.

Mama yake alikuwa akipepeta mbaazi. Aliposikia injini alitoka akifuta mikono kwenye kanga, anatabasamu. Mwanawe alizoea kuja na gari kama lile siku zake za mapumziko.

"Leo umewahi," aliliambia gari.

Nikashuka mimi.

Kwetu kifo hakisemwi hivi hivi. Majirani hukusanywa kwanza, kimya kimya, wanawake wakaingia ndani na kukaa karibu na mfiwa. Ndipo mzee wa ukoo husema, naye akiwa amekaa. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, nikasema nikiwa nimesimama mlangoni: "Aayo, kampuni inasikitika kukujulisha…" Nilimwita mama kwa Kiiraqw, yaliyobaki yakatoka kwa Kiswahili cha ofisini. Nilipomaliza, alitazama nyuma yangu, kwenye kiti cha dereva, akawa anangoja mtu mwingine ashuke.

Asubuhi mawakala wa nje wanaotuletea wageni walitusifu kwa kutoa taarifa mapema. Bosi alinipongeza. Adhuhuri madereva waliacha funguo za magari mezani. Kwa jinsi nilivyopeleka habari, ukoo ulikuwa umesema kampuni isikanyage msibani, na hakuna dereva wa Karatu ambaye angeshusha wageni wetu kreta akiwa na aibu hiyo. Bila madereva, tungefunga.

"Peleka mahema na viti," bosi alisema.

"Vyote vina nembo, bosi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Watavichoma."

Nilichofanya hakimo kwenye kitabu chochote, nilikibuni mwenyewe. Niliazima. Turubai lisilo na nembo nilipata kwa washindani wetu, viti kanisani, sufuria kubwa kwa jirani wa mama yule, sururu kwa mjomba, ambaye alifahamiana na wazee wa ukoo ule.

"Mpiga debe anachimba?" aliuliza.

"Nachimba."

"Basi vua tai. Udongo wa Kansay hauogopi diploma." Akabeba sururu ya pili, akatangulia kwa wazee kuniombea njia.

Nilichimba kaburi pamoja na madereva. Hakuna aliyenisemesha. Siku ya mazishi, zilipoitwa salamu za mwajiri, minong'ono ikaanza. Mama alinyanyua mkono.

"Aseme," alisema. "Lakini akae."

Nikakaa kwenye nyasi. Nikasema alikuwa dereva wetu, kwamba aliujua ukungu kuliko sisi sote, na kwamba ni sisi tuliomtuma. Sikusema kampuni inasikitika. Jumatatu madereva walichukua funguo. Nitafutieni ofisa uhusiano wa Arusha aliyewahi kuokoa kampuni akiwa amekaa chini.

Wiki iliyofuata nilirudisha kila nilichoazima, kimeoshwa kinang'aa. Ya mwisho ilikuwa sufuria ya Kansay, na kwa kuwa haibebeki kwenye bodaboda, niliipeleka kwa gari la kampuni. Jirani aliipokea, akaigonga kwa kidole kusikiliza kama ina ufa.

"Umerudisha kwa kila mtu, mwanangu. Huna deni."

"Asante, mama."

"Ila siku nyingine gari hili liache barabarani, uje kwa miguu. Mwenzangu hapa jirani akisikia injini yake, bado hubandika chai."

Nikageuka. Kwenye ua wa pili moshi ulikuwa umeshaanza kutoka jikoni.