Namnyaki, muuza maziwa aliyeliruka geti la kijani

Saa kumi na moja alfajiri, ubaridi wa Mlima Meru bado umekaa juu ya mabati ya Oldadai, na Prisca Namnyaki anakamua ng'ombe huku akigombana na mtu ambaye hayupo.

"Eti Mwalimu ndiye ataongea vizuri," anasema, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Kwani mimi naongea vibaya? Huyu hapa ananielewa."

Ng'ombe anatafuna vipande vya mgomba na hana la kuchangia. Maziwa yanachujwa na kumiminwa kwenye madumu mawili. Kabla jua halijachomoza, mama huyu wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka 48, ameshaanza kuteremka kuelekea Sekei, dumu moja mgongoni, jingine mkononi.

Lita moja anauza Sh1,500. Siku njema hurudi na kama Sh30,000, ambazo pumba na dawa za ng'ombe huwa zimeshazitolea macho kabla hajafika nyumbani.

Leo madumu yamebeba na kitu kingine. Kila geti alipo mwanakikundi mwenzake wa parokia, akishapima maziwa, Namnyaki anasogea karibu na kusema jambo lilelile: kikao na Paroko hakipo tena kesho baada ya Misa ya pili. Paroko amepata safari, kwa hiyo ni leo, saa nne, ukumbi wa parokia. Katekista Thomasi alimletea habari hiyo jana jioni, akamwomba aisambaze.

Hivyo ndivyo habari za kikundi chao zinavyotembea. Waliwahi kutumia simu, lakini ujumbe mmoja wa sauti ulizunguka mpaka ukamfikia mjumbe wa Halmashauri ya Walei, akawaita waasi mbele za watu. Tangu hapo walikubaliana kwamba neno la kikundi litapita na maziwa, kutoka mdomo kwenda sikio.

Anafika kwenye geti la kijani. Mwandishi wa makala haya anasimama, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye kila geti la mteja. Namnyaki hasimami.

"Hapa si kwa Mwalimu Magdalena?" anaulizwa.

"Ni kwake."

"Hachukui maziwa?"

"Leo apumzike," anasema, na kuongeza mwendo.

Miaka mitatu iliyopita, mwenzake katika biashara hii, marehemu Naisula, alifariki ghafla. Jumuiya yake, yaani kikundi cha sala cha waamini wa mtaa mmoja, ilikuwa ikisali Jumamosi alfajiri, saa ileile ng'ombe anapokamuliwa, na kwa muda mrefu Naisula hakuwa ameonekana. Viongozi wa jumuiya, ambao ndio humthibitisha mwamini kwa padre, wakasema hawamjui. Padre hakuja, katekista hakuja. Waliomwimbia kaburini ni majirani zake Walutheri.

"Waliimba vizuri, Mungu awabariki," anasema Namnyaki. "Ila mimi nilisimama pale nikaona aibu. Mtu amebatizwa, ameolewa kanisani, halafu anazikwa kama ameokotwa. Na hao waliosema hawamjui, chai ya asubuhi walikunywa na maziwa yake."

Wiki iliyofuata aliwakusanya wenzake kwenye kibaraza cha duka la Elinipa, Mlutheri ambaye hakuona shida kuwapa Wakatoliki benchi la kukalia. Walikutana saa nne asubuhi, madumu yakiwa yameshakauka. Wakaongezeka wauza mboga, wakaongezeka na walinzi wanaotoka lindo wakati wengine wanatoka jumuiya. Leo ni zaidi ya watu ishirini, wanaojiita Kikundi cha Saa Nne.

Madai yao ni mawili. Kwanza, waruhusiwe kuwa na jumuiya yao katika saa wanayoiweza. Pili, mwamini asinyimwe Misa ya mazishi kabla walei wenzake hawajakaa na kuisikiliza familia yake.

Kwa Namnyaki jambo hili limeshaingia ndani ya nyumba. Mama mkwe wake, ambaye wote wanamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, ndiye aliyemrithisha njia hii ya Sekei. Naye aliuza maziwa miaka yote bila kuonekana jumuiya. Sasa miguu imevimba, pumzi inamkatika akitoka kitandani kwenda mlangoni, na haombi kingine ila azikwe na padre.

Mwalimu Magdalena aliingia kwenye kikundi kupitia geti lake mwenyewe. Asubuhi moja Namnyaki alimsimulia habari za Naisula. Mwalimu huyo mstaafu aliweka sufuria chini, akalia, akauliza kama naye anaweza kuja kuwasikiliza. Namnyaki akamkaribisha kwa mikono miwili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakupona. Magdalena alikuwa na maneno. Jambo ambalo Namnyaki alilieleza kwa kuzunguka mlima mzima, yeye alilisema kwa sentensi moja, na wote wakaitikia. Mwezi haukuisha watu wakaanza kusema "kikundi cha Mwalimu". Wasomi wawili watatu wa parokia, ambao hawakuwahi kumsalimia muuza maziwa, wakaanza kuja kibarazani na kuuliza Mwalimu amekaa wapi.

"Nimezaa mimi, jina kampa mwingine," anasema Namnyaki. Hafichi, wala hatafuti neno laini. "Ni wivu, sina jina jingine la kuupa. Akiongea vizuri naumia. Akinisifia naumia zaidi, maana anajua hata kusifia."

Wiki mbili zilizopita, kikundi kilimchagua atakayesimama mbele ya Paroko. Mikono karibu yote ilikwenda kwa Magdalena. Namnyaki naye alinyoosha wake, asionekane ana kinyongo. Mkono huo, anasema, ulikuwa mzito kuliko dumu.

Saa nne ilipofika, ukumbi ulikuwa umejaa. Paroko alikaa katikati. Kando yake alikaa Richard, mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, mtu mpole anayependa taratibu kuliko chakula. Wanakikundi walikaa pamoja upande wa kushoto, wakigeukia mlango mara kwa mara.

"Mwalimu yuko wapi?" mmoja alimnong'oneza Namnyaki.

"Labda amepata dharura," alijibu, na akasimama kabla hajaulizwa swali la pili.

Alianza vizuri. Alisimulia habari za Naisula mpaka baadhi ya wajumbe wakainamisha vichwa. Alieleza kwamba ng'ombe hana Jumamosi. Uso wake uling'aa, na kwa dakika chache kikundi kilirudi kuwa chake.

Ndipo Richard akauliza, bila ubaya wowote, swali ambalo kila mmoja alijua litakuja. Jumuiya ndiyo inayomfahamu mwamini, alisema. Mtu asiyeonekana mahali popote, parokia itamjuaje?

Namnyaki alifungua mdomo. Kiswahili anachouzia maziwa kila siku kikamtoka chote, yakabaki maneno ya Kimaa ambayo Paroko hayajui. Alisema tunajuana, akarudia tunajuana, akanyamaza. Richard akasubiri kwa adabu, kisha akageuza kichwa kumtazama Paroko. Ilionekana wazi kwamba shauri linaelekea kuahirishwa, na Yeyo hana muda wa kuahirishwa.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Magdalena aliingia akihema, kanga kiunoni, ndala miguuni, sufuria tupu mkononi. Hakumsalimia Paroko wala mwenyekiti.

"Namnyaki," alisema, "uko hai?"

Baadaye ilifahamika alikopitia. Aliona maziwa hayaji, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku za mvua kubwa. Alisubiri, akatoka, akapanda mpaka njia ya Oldadai, akarudi mpaka kwa Elinipa. Elinipa akamwambia amewaona wanakikundi wakielekea kanisani kwa pamoja, kimya kimya, siku ya Jumamosi. Mwalimu akahesabu moja na moja: maziwa hayakuja, watu wanakwenda kanisani, basi huo ni msiba, na aliyekufa ni Namnyaki.

Aliwatazama wanakikundi waliojaa kwenye mabenchi. Kisha alimtazama Namnyaki, ambaye macho yake yalikuwa sakafuni. Richard akamuuliza kama hakupata taarifa ya kikao.

"Maziwa hayakufika," alijibu Magdalena.

Hapo angeweza kuongeza mengi. Badala yake aliuliza wamefika wapi, akaelezwa swali la mwenyekiti, akaiweka sufuria juu ya meza mbele ya Paroko.

"Mnauliza mtawajuaje," alisema. "Huyu amekosekana kwangu asubuhi moja tu, na mimi nimetembea Sekei nzima nikimtafuta na ndala zangu. Baba Paroko, je, mimi nikikosa jumuiya Jumamosi moja, kuna atakayenitafuta hivi?"

Mjumbe mmoja alikohoa. Paroko aliiangalia sufuria, kisha akasema kwamba Jumuiya ya Saa Nne ianze, kwa majaribio mpaka Pasaka, na watakaoandikishwa humo watahesabiwa kuwa waamini wanaojulikana. Dai la pili atalifikisha ngazi za juu. Aliagiza wachague viongozi Jumamosi ijayo.

Vigelegele vilipasuka. Wanakikundi walimzunguka Mwalimu, wakamshika mikono, mmoja akaipiga ile sufuria kama ngoma. Namnyaki alibaki kwenye benchi, amepata kila alichokitaka kwa miaka mitatu, na roho inamuuma.

"Hata kosa langu amelifanya hoja yake," alisema njiani kurudi, akipanda mlima na madumu matupu. "Ningemwambia, angekuja na hotuba, pengine ingeshindwa. Sikumwambia, akashinda. Sasa mtu wa namna hiyo unamfanyaje?"

Kinachomsumbua zaidi, aliongeza, ni kwamba Mwalimu hakumuuliza kitu. Walipoagana pale nje alimwambia tu pole na kazi, kwa sauti ileile ya siku zote. Angegombezwa angejitetea.

Nyumbani, Yeyo alikuwa amekalishwa mlangoni apate jua. Namnyaki alipiga magoti karibu yake, akamwambia kwa Kimaa kwamba jina lake litaandikwa, kwamba siku ikifika padre atakuja. Kikongwe yule alifumba macho. Machozi yakashuka bila sauti, naye akayaacha yashuke.

Kisha akauliza ni nani aliyeongea.

Namnyaki anakiri kwamba hapo alifikiri kidogo. Yeyo hatoki nje, hakuna ambaye angemwambia tofauti. "Mwalimu," alijibu mwishoni.

"Yule wa geti la kijani?" Yeyo alimfahamu tangu enzi zake za kuuza maziwa. "Mtu mzuri. Leo umempelekea maziwa?"

Namnyaki akainuka, akakung'uta magoti. Yeyo alimtazama, akamwambia ng'ombe bado hajapewa chakula cha jioni.

Jioni hiyo, akikatakata mgomba, Namnyaki alieleza mipango yake. Anataka kuongeza ng'ombe mmoja. Anataka kutembea kwa wale ambao bado wanaogopa kujiandikisha, hasa walinzi wa upande wa Elerai. Na Jumamosi ijayo atagombea uenyekiti wa Jumuiya ya Saa Nne dhidi ya Mwalimu Magdalena, ambaye wenzake wameshaanza kumpigia kampeni bila hata kumuuliza.

Anajua hesabu ya mikono. Hata hivyo atagombea, na habari za uchaguzi atazipeleka mwenyewe na maziwa, geti kwa geti, akianza na lile la kijani.

Wivu umekwisha, basi?

"Haujaisha hata kidogo," anasema, akimsogezea ng'ombe majani. "Ila safari hii nataka nimshinde akiwepo."