Kaseti Moja, Wakalimani Wawili

Enzi zetu, na ninyi wa rika langu mliofulia nguo majani ya mpapai kwa kukosa sabuni mtanishuhudia, mtoto hakuulizwa anataka kutazama nini. Leo mjukuu wangu Sabina, anayeyaandika haya ninayoyasema kwa kuwa mimi sikuketi darasani hata siku moja, amemaliza siku tatu akiishika simu na kushindwa kuchagua. Katuni ya Kijapani anayoitaka ina matoleo matatu: la zamani, refu, rangi zake zimepauka, jipya, fupi, linang'aa kama bati, na filamu moja inayofupisha yote.

"Bibi, wengine wanasema nianze na la zamani. Wengine wanasema jipya ndilo linafuata kitabu."

Nilimwambia aache kuwauliza watu asiowajua, akaoshe vyombo. Ndipo aliponionyesha picha. Nilimwona msichana amebeba mfuko wa chumvi kichwani, bata bukini akimfuata nyuma. Nikaketi. Msichana yule nilikuwa ninamfahamu.

Musoma ya utoto wangu ilikuwa na foleni nyingi kuliko maduka. Tulipanga mawe mbele ya duka ili yatushikie nafasi, na wakati mwingine mawe yalirudi nyumbani pamoja nasi bila sukari. Tulikula ugali wa unga wa njano, tukavaa katambuga za matairi, tukawala furu waliotuchoma vidole kwa miiba na tukaomba tena. Mimi nilikuwa kifungua mimba. Nyangeta, mdogo wangu, alipozaliwa nilifungiwa mgongoni, na shule ikawa inapita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi katika sare za wenzangu. Sikulalamika. Mtoto yule alikuwa mzito na mwenye maswali, nami ndiye niliyekuwa nikimjibu yote. Kila nilichosema alikiamini.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakaja, na baba, aliyekuwa mvuvi, akapata koti la kahawia ambalo hakulivua hata ndani ya mtumbwi. Ikaja na video. Ninyi mnakumbuka: chumba kimoja, blanketi madirishani, jenereta inanguruma nje, harufu ya petroli na ya miguu. Kiingilio chetu watoto kilikuwa ndoo ya maji ya ziwa ya kunyunyizia sakafu ili vumbi litulie.

Kaseti ya msichana wa chumvi ilikuja na basi kutoka Bunda kila Jumamosi, kipande kimoja kwa juma. Ilikuwa katika Kijapani, lugha ambayo hapakuwa na mtu aliyeijua kuanzia Butiama hadi Kibara. Kwa hiyo palikuwa na wakalimani wawili. Saa sita mchana ilionyeshwa Mwigobero, karibu na gati, na aliyetafsiri alikuwa katekista mstaafu, mtu mkavu, ambaye alisema tu kile alichokiona kwa macho yake. Saa tisa kaseti hiyohiyo ilihamia sokoni kwa mtu tuliyemwita Redio. Huyu alidai alijifunza Kijapani melini. Meli aliyoijua ilikuwa ile ya kwenda Mwanza. Lakini kinywani mwake bata bukini alisema Kijita, na mfalme alilalamikia foleni.

Watoto tuligawanyika. Njiani tulitupiana maneno.

"Ninyi wa sokoni mnadanganywa mchana kweupe!"

"Na ninyi mnaendaga kwa katekista kama mnaenda matangani!"

Habari yenyewe ilikuwa moja kwa wote. Msichana alikuwa akimtafuta baba yake aliyeshuka na mto. Alama ya baba huyo ilikuwa koti ambalo msichana alilitia kiraka chekundu kiwikoni kwa mkono wake mwenyewe. Nyangeta, akiwa na miaka minane, hakukosa hata Jumamosi moja.

Katika majuma hayo mtumbwi wa baba ulikutwa umepinduka upande wa Kibara. Wenzake wawili waliopolewa. Yeye hakuonekana, wala koti lake. Watu wazima walingoja siku zinazongojwa, kisha wakakubaliana. Jumamosi asubuhi mama aliniita pale alipokuwa anaanika dagaa. Hakunitazama.

"Alhamisi watu wa Kiriba wanakuja kuanza msiba. Mwenzio asije akayasikia kwa wageni. Wewe ndiye anakusikia. Mwambie leo."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilichukua ndoo nikaenda Mwigobero peke yangu, nikitafuta pa kuanzia. Ilikuwa ni sehemu ya mwisho ya kaseti. Msichana alifika ukingoni mwa mto, akamwona mtu amempa mgongo, na kiwikoni kulikuwa na kiraka chekundu. Akakimbia. Mtu yule akaanza kugeuka, ikaonekana robo ya uso, halafu kioo kizima kikawa chenga. Mkanda ulikuwa umechakaa mahali hapo. Sote tulimgeukia katekista. Alifikiri, kisha akasema, "Koti ni lilelile. Mtu ni mwingine. Huyu si baba yake."

Wakati wa kutoka alinishika bega. Alikuwa na habari zetu. "Una mdogo wako. Mlete, nitairudisha nyuma kidogo, nimweleze taratibu. Sokoni watasubiri."

Nilirudi nyumbani kwa nia hiyo. Nyangeta alikuwa mlangoni, ameshaoga, ameshika ndoo yake.

"Dada, leo twende kwa nani?"

Ndugu zangu, mimi ni mtu mkali. Watoto wangu na wajukuu wangu wanajua. Ukali huo niliutafuta siku ile nikaukosa. Nilisema, "Kwa Redio."

Redio hakumwona mtu mwingine. Aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Baba huyo! Si mnaona koti? Amerudi! Anasema, mwanangu, nilichelewa tu!" Chumba kikalipuka makofi. Nyangeta aliubana mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akaninong'oneza, "Na wetu ana koti."

Nilikaa kimya. Jumapili nilikaa kimya vilevile. Alhamisi watu wa Kiriba walifika wakilia tangu barabarani, na mdogo wangu akawatokea uani akiwa amekasirika kwa niaba ya baba. "Msilie. Hamjaliona koti." Mama alinitazama mara moja, akaelewa, na hakulisema jambo hilo mpaka alipokufa. Siku ya kunyolewa Nyangeta alikataa wembe. Kwa miaka miwili aliweka kipande cha samaki chini ya sahani iliyofunikwa, kila mchana, na kila jioni nilikula mimi.

Alikuwa na miaka kumi aliporudi siku moja kutoka Mwigobero na ndoo tupu. Alikuwa amemkuta katekista akifagia, wakaizungumza ile kaseti.

"Dada, siku ile ulikuwa umeshaiona?"

"Ndiyo."

"Haya."

Hakunitukana, wala hakulia. Aliniita dada mpaka mwisho, aliolewa Kiriba, akaniletea sato kila nilipojifungua. Ila tangu siku ile, nikimwambia mvua inakuja, alitoka nje kutazama.

Tumemzika mwaka jana.

Basi nilimwambia Sabina tutazame lile la zamani, kwa Kijapani chake, yeye anisomee kwa Kiswahili maandishi ya Kiingereza yaliyo chini bila kuongeza lake. Tulikwenda nalo jioni kwa jioni. Mto ulikuwa uleule. Tulipofika ukingoni sikuona chenga. Picha ilikuwa safi kama maji ya kisima. Mtu akageuka, uso mzima. Alisema neno, maandishi yakatokea, na mjukuu wangu akanyamaza.

Kimya kile ninakijua.

"Soma kilichoandikwa."

"Bibi..."

"Soma."

Akasoma: "Mwenye koti hili tulimzika pale juu, mahali panapotazama mto. Alikuwa akikutaja."

Watoto wa siku hizi wana kila kitu kikiwa kizima. Hawabebi ndoo, hawajui chenga, wanahangaika siku tatu kwa wingi wa vitu. Sisi tulikuwa na kaseti moja iliyochakaa na vinywa viwili. Hata hivyo ningeyatoa haya yote yanayong'aa ili nirudishiwe saa tatu zile, kati ya saa sita na saa tisa, na mtoto aliyesimama mlangoni akiamini kila nisemalo.

Sabina alipangusa macho kwa kiganja, kisha akaanza kutafutatafuta kwenye simu.

"Bibi, bado lile jipya. Watu wanasema wamebadilisha mwisho. Labda humo baba yake anarudi."

Nilitamani kusema ndiyo. Nikamwambia azime, akalale.