Fungu Moja la Mchanga

Mpaka leo, mnoa visu akipita mtaani kwetu hapa Tanga, akaegesha baiskeli yake na kuanza kukanyaga pedeli ili lile jiwe lizunguke, mimi huingia ndani nikafunga madirisha. Wajukuu hunicheka. Huwaambia kichwa kinaniuma. Ninyi nitawaambia kweli: chuma kikikwaruza jiwe, mdomo wangu hujaa ladha ya mchanga na damu, nami najiona niko Konde, kule Pemba, tena, nina miaka kumi, na wanaume wawili wazima wanataka kuuana kwa sababu yangu.

Miaka ile Pemba ilikuwa nchi ya watu wengine, ina mfalme wake na bendera yake. Baba alinipeleka huko likizo nzima ya shule nikasome Kurani, kwa kuwa vyuo vya Tanga vilikuwa vimenishinda, au mimi nimewashinda walimu wake. Inategemea unamuuliza nani. Nilijua kwamba nilizaliwa Konde, kwamba mama yangu alikufa siku ya tatu, na kwamba baba alikuja kunichukua nilipokwisha kutembea vizuri. Zaidi ya hapo sikuambiwa kitu. Nilishuka jahazini Wete nimetapika njia nzima, nikapandishwa gari la abiria juu ya magunia, mpaka kwa bibi mzaa mama. Bibi alinikumbatia, akalia, akaninusa shingoni, na kesho yake asubuhi akanipeleka chuoni. "Maalim," akamwambia mwalimu, "nyama zako, mifupa yangu." Maalim alikuwa na mkia wa taa, yule samaki bapa, uliokaushwa ukawa mjeledi wenye miba. Alianza kuzila nyama zake siku ya pili.

Bibi alinipa sharti moja tu. Ng'ambo ya njia ilikuwepo nyumba ya Bi Time, na watu wa nyumba ile nisiwasalimie. Siasa ilikuwa imeingia Pemba kama ndui. Wa chama hiki hakununua duka la wale, hakuchota kisima chao, hata maiti hawakuzikana. Mjomba Kombo, kaka wa marehemu mama yangu, alikuwa moto kwa chama chake. Hamadi, mtoto mkubwa wa Bi Time, alikuwa moto kwa cha pili, na walikuwa wamekwisha kutoana damu mara moja sokoni. Basi kila asubuhi nilimpita yule mama amekaa barazani anasuka ukili, nikatazama mbele, ubao wangu wa kusomea kwapani. Aliniangalia mpaka nikakata kona. Kwetu mtoto asiyemwamkia mkubwa huchapwa, nami nikaona utamu wa kukosa adabu kwa ruhusa.

Siku ya nne, binti yake Mize, ambaye tulikuwa hirimu moja kwa umri, alinisubiri nyuma ya chuo. Watoto wakafanya duara. Mchezo ule mnaujua, pwani nzima upo: mwenye kutaka ugomvi hufanya mafungu mawili ya mchanga kama matiti, hili ziwa la mama yako, hili ziwa la mama yangu. Atakayelivunja la mwenzake amemtukana mama yake, na hapo ni ngumi tu. Mize alichuchumaa akakusanya fungu moja peke yake, akalipigapiga kwa kiganja likakaa vizuri.

"Hili la mama," akasema. "Haya, vunja."

Nikangoja la pili. Halikuja. Nikaona nimemwelewa: ananiambia mbele ya watu kwamba mimi sina mama. Sijapata kutukanwa tusi likanichoma vile. Nililipiga teke mchanga ukamjaa machoni, na kabla hajainua mikono nikamshindilia ubao mdomoni, kwa ukingo wake. Jino la mbele likatoka. Wala hakulia. Aliniuma begani mpaka nikasikia nyama inaachia, akaniangusha, akanikandamiza uso mchangani, nami nikamng'ang'ania nywele kwa mikono miwili. Wenzetu walitushangilia kwa vyama, kama wazee wao. Maalim alikuja na mkia wa taa akatupiga sote wawili mpaka nguo zikachanika mgongoni, hakuuliza nani kaanza.

Wakubwa husema ugomvi wa watoto usiingiliwe. Mchana ule ule Hamadi alimwona dada yake anarudi na damu kifuani. Akauliza, akaambiwa ni yule mjukuu wa nyumba ile.  Alikaa mbele ya nyumba yao akaanza kunoa panga jiweni. Tuliisikia sauti ile tukiwa ndani, haina haraka hata kidogo, na Mjomba Kombo akachukua shoka la kuni akatoka. Bibi alimshika shati likabaki kipande mkononi mwake. Nikatoka nyuma yao, maana nilijua mmoja atakufa na nilijua nani amemuua.

Walikutana katikati ya njia. Hamadi aliinua panga, na Bi Time akatokea ubavuni akalidaka kwa mkono, kwenye makali. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakupiga ukelele wala hakuliachia. Hamadi akaganda, angevuta angemkata mama yake vidole.

"Kitoto kile kimenyonya ziwa langu miaka miwili," Bi Time akamwambia, sauti yake ya chini. "Ni dadako, na huyo ni mjombake. Ukenda hatua moja, Hamadi, miye sina radhi nawe, duniani wala akhera."

Kisha akamgeukia bibi yangu. "Nawe dada, hata hukumwambia?"

 Bibi alivuka njia, akavua kanga yake ya juu akaufunga mkono ule, machozi yakimdondokea Bi Time miguuni. Mjomba alirudi ndani na shoka lake. Mize alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umevimba, ananitazama. Hapo nikajua kwa nini fungu lilikuwa moja. Mama yule alikuwa wetu sote, na mimi ndiye niliyelivunja ziwa lake.

Ningependa kuwaambia kwamba watu walipatana. Vidole viwili vya Bi Time havikukunjika tena. Mwaka uliofuata Hamadi na Mjomba Kombo walikutana kwingine, hapakuwa na mama wa kushika panga, na mjomba akapoteza jicho.

Mimi nilidhani Mize alinichukia kwa sababu ya salamu tu. Nikadhani hivyo mpaka nilipozaa mwenyewe. Maziwa yangu hayakumtosha mtoto mmoja. Nilikaa kitandani namtazama anavyolia kwa njaa, na nikaanza kupiga hesabu. Mize alikuwa na miezi minne nilipopelekwa mlangoni kwao nimeviringishwa kanga. Nilimlia nusu ya chakula chake kabla hajaota jino. Miaka kumi baadaye nikarudi, nikampita mama yake siku tatu bila kumwamkia, na ya nne nikaling'oa jino lenyewe. Ningekuwa Mize, nisingengoja siku ya nne.